Kinasa sauti kimoja, watoto wanane
Somo kutoka Naviundu, Lubumbashi



Mara nyingi tunapokea barua kutoka vikundi vinavyohudumia watoto wa mitaani, na ombi huwa ni lile lile: kompyuta. Wanaotuandikia wanaamini kwamba watoto wakipata kompyuta watatulia, wataacha kupigana na watajifunza kuishi na watu. Hatupendi kumvunja moyo mtu anayetafuta kompyuta. Lakini katika kazi yetu na watoto wasio na makao huko Naviundu tulitumia kifaa kidogo zaidi, na tumeona vema kueleza kwa kirefu yaliyotokea. Tutaeleza pia makosa tuliyofanya, kwa sababu moja ya makosa hayo lilitufundisha sisi walezi mambo ambayo mazoezi yetu hayakutufundisha.

Watoto tunaowazungumzia

Naviundu ni mtaa wa komini ya Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, na upo mto wa jina hilo hilo. Huko mji bado unajengwa. Watu wanachoma matofali, wanachimba mchanga, wanapasua mawe, wanapitisha makala kwenda sokoni. Kwa mtoto asiye na kwao, kazi hizo ndizo riziki. Anabeba matofali kwa malipo ya siku, anachotea watu maji, na jioni anakula bukari na wenzake kutoka sufuria moja. Katika mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi ni wa baridi, maana mji uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ndipo utawakuta wamelala ubavuni mwa tanuru ambalo bado lina joto.

Msomaji wa mbali atauliza wamefikaje pale. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na kwa miaka mingi kampuni ya madini ndiyo iliyotoa mshahara, chakula, shule na matibabu kwa familia za wafanyakazi wake. Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990 mishahara ilikaa miezi bila kulipwa, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Kabla ya hapo, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa malaki. Kisha vikaja vita vya 1996 na vya 1998. Kila tukio kati ya hayo lilivunja nyumba, na nyumba ikivunjika watoto hutawanywa kwa shangazi, kwa babu, kwa mama wa kambo.

Nyumba inapokosa chakula hutafutwa wa kubebeshwa lawama, na mara nyingi hupatikana mtoto: yule ambaye mama yake alikufa, yule anayekojoa kitandani, yule mwenye maneno mengi. Anaitwa mchawi. Mwezi wa Aprili 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wa mitaani wa Kongo, Lubumbashi ikiwemo, na tuhuma hiyo ilitajwa miongoni mwa mambo yanayowatoa watoto nyumbani. Katiba ya mwaka huo huo, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ikaongeza adhabu ya kifungo cha mwaka 1 hadi 3 kwa mwenye kufanya hivyo. Sheria ipo. Mtoto bado analala kwenye tanuru.

Wanachokijua na wanachokikosa

Katika maandishi ya mashirika utasoma kwamba watoto hawa wanahitaji kufundishwa stadi za kijamii, kana kwamba hawana hata moja. Sisi wenyewe tulianza na mawazo hayo, na wiki ya kwanza tu yakatutoka. Mtoto aliyekaa barabarani mwaka mzima anausoma uso wa mtu mzima kuliko sisi tuliosomea kazi hii. Anajua nani atampa na nani atampiga. Anajua kupatana bei na kugawa mkate vipande sita bila ugomvi, na anajua nani kati ya wenzake ana homa.

Tulichokiona kuwa haba ni vitu vinne: kungoja zamu, kuomba kabla ya kushika, kusikia "hapana" bila kurusha ngumi, na kusema "nimekosa" bila kujiona umedharauliwa. Ukivifikiri utaona kwamba vyote vinadai mtu awe na hakika ya kesho. Barabarani anayengoja zamu hulala njaa, na anayekiri kosa hupigwa. Kwa hiyo hatukwenda kurekebisha adabu mbaya. Tulitaka pawepo saa mbili kwa wiki ambazo anayengoja anapata kweli, na anayekiri hapigwi kweli.

Kwa nini kifaa kimoja

Tulikuwa na kinasa sauti kimoja cha kushika mkononi, chenye betri, cha aina wanayotumia waandishi wa habari. Watoto walikuwa wanane, wavulana sita na wasichana wawili, wa umri wa miaka 9 hadi 14. Rafiki mmoja wa ng'ambo alijitolea kututafutia vingine saba ili kila mtoto awe na chake. Tulimshukuru, tukakataa, naye alishangaa.

Sababu yetu ni hii. Mwaka 1999 huko Kalkaji, New Delhi, mtaalamu Sugata Mitra aliweka kompyuta ndani ya tundu la ukuta, ikiangalia mtaa wa maskini, akawaacha watoto wajifunze bila mwalimu. Walijifunza kuitumia, na habari ikaenea dunia nzima. Lakini wakosoaji waliokwenda kuangalia vituo vya mpango huo waliandika kwamba pasipo mtu wa kusimamia, wavulana wakubwa ndio waliotawala, na wasichana na wadogo wakasimama nyuma. Kifaa peke yake hakigawi zamu.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi nasi. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika mkoa wa Tanga nchini Tanzania, karibu watoto 3,000 wa vijijini, wengi wao hawajawahi kukaa darasani, walipewa kompyuta bapa zenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Kulikuwa na vituo vya kuchaji kwa nguvu za jua. Yalikuwa mashindano ya XPRIZE, na mwezi wa Mei 2019 zawadi iligawanywa kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Watoto wengi walisonga mbele katika kusoma, na tunaheshimu kazi hiyo. Kwa kufundisha herufi, kila mtoto awe na chake. Kwa kufundisha kungoja, kuomba na kusikilizana, kifaa kimoja kati ya watu wanane kinafaa zaidi, maana kila kukicha lazima wapatane juu yake.

Zoezi la jina na kimya

Kila mtoto anataja jina analotaka kuitwa, na jambo moja alilofanya tangu asubuhi. Wengine wananyamaza. Hatukuweka kanuni ya kunyamaza, tuliwasha mashine tu. Mara ya kwanza walipiga kelele, na tulipowarudishia hawakusikia majina bali kelele zao wenyewe. Hakuna aliyekaripiwa. Wakaomba kurudia.

Tulipoicheza mara ya pili, mvulana mdogo kuliko wote alisikia sauti yake, akaangalia nyuma yake, kisha akauliza: "Njo miye ule?" Hakuwahi kuisikia. Alitaka arudiwe mara tano. Ili arudiwe ilibidi wenzake wanyamaze mara tano, nao walinyamaza, kwa sababu kila mmoja wao alijua zamu yake inakuja na atahitaji kimya cha wengine.

Mpangilio wa zamu waachieni watoto wenyewe. Siku ya kwanza walibishana saa nzima nani aanze, na mlezi mmoja alikuwa amekwisha kufungua mdomo ili aamue. Tukamzuia. Mwishowe walianza na aliyekuwa na jeraha mguuni, kwa sababu, walisema, huyo hawezi kusimama sana. Sisi tusingeliwaza hilo.

Zoezi la maswali

Wawili wanakaa, mmoja anamhoji mwenzake. Kosa la kawaida ni kumpa kifaa yule anayeuliza, kama mwandishi wa habari. Sisi tunampa anayeulizwa. Yeye ndiye anayekishika, kidole chake kiko kwenye kitufe cha kusimamisha, na akiguswa na swali asilolitaka anabonyeza na mahojiano yanakwisha. Anayeuliza hujifunza upesi kwamba swali la kuumiza linamkosesha hadithi. Watoto ambao maisha yao yote wamehojiwa na polisi, wahubiri na watu wa mashirika (sisi pia tumo) huenda wasiwahi kupata nafasi nyingine ya kumnyamazisha anayewauliza.

Wazo la kuwapa watoto kinasa sauti si letu. Katika miaka ya 2000 shirika la Search for Common Ground lilikuwa na kipindi cha redio mashariki ya Kongo kilichoitwa Sisi Watoto, ambamo watoto wenyewe walishika maikrofoni. Sierra Leone nako, vita vilipokuwa vikielekea mwisho, shirika hilo hilo lilikuwa na habari za redio zilizotangazwa na watoto. Tofauti ni kwamba kazi yetu haikuwa ya kutangazwa. Kilichorekodiwa Naviundu kilisikilizwa Naviundu, kisha kikafutwa.

Mchezo wa ugomvi

Lubumbashi ina bahati: ni mji wa mchezo wa kuigiza kwa Kiswahili. Kundi la Mufwankolo lilijulikana redioni na kwenye televisheni kwa michezo yake juu ya maisha ya kila siku, na hata mtoto asiye na televisheni anajua mtindo ule wa bwana mwenye kiburi na mke mwenye maneno. Kwa hiyo hatukuhitaji kufundisha kuigiza.

Watoto wanachagua ugomvi walioushuhudia. Waliopenda sana ni wa mwenye tanuru anayekataa kulipa jioni. Wanaucheza, kinasa kinanasa. Halafu tunasikiliza pamoja, na mtoto yeyote anaruhusiwa kuinua mkono pale anaposikia sauti zinapanda. Tunasimamisha hapo. Tunauliza: nani alisema nini kabla tu ya hapa? Mara nyingi wanakuta ni neno dogo, "mwizi" au "mwana wa nani wewe". Wanarudi kucheza tangu neno lile, safari hii bila neno hilo, waone ugomvi unaelekea wapi. Kisha wanabadilishana nafasi, na mbeba matofali anakuwa mwenye tanuru.

Tuseme ukweli: mara nyingine ugomvi ulikwisha vibaya hata bila lile neno, kwa sababu mwenye tanuru hakutaka kulipa basi. Msiwafiche watoto jambo hilo. Kuna wakati upole haurudishi fedha, na hapo somo linakuwa ni nani mtu mzima wa kwenda naye kudai.

Picha na ruhusa

Mwaka 1997 huko Mathare, Nairobi, mpiga picha Lana Wong na chama cha michezo cha vijana cha Mathare, MYSA, waliwapa vijana kamera za plastiki za bei ndogo, nao wakapiga picha za maisha yao. Kazi yao iliitwa Shootback na ilitoka kitabu mwaka 1999. Kabla ya hapo picha za Mathare zilipigwa na wageni.

Sisi tulitumia simu moja yenye kamera kwa kusudi dogo tu: kuomba. Wawili wawili walikwenda kwa wauza mboga na wachoma matofali kuomba ruhusa ya kupiga picha. Hawakutakiwa kurudi na picha. Walitakiwa kurudi na jibu, na aliyepata "hapana" na kusema "asante, mama" alipigiwa makofi sawasawa na aliyepata picha. Wakataaji walikuwa wengi. Mama mmoja alimkatalia msichana wetu kwa ukali, halafu akamwita nyuma akamuuliza amekula nini. Tangu siku hiyo alimjua kwa jina.

Picha za watoto wenyewe hatuchapishi, ndiyo maana hamuoni picha katika kurasa hizi. Mtoto aliyeitwa mchawi akitokea kwenye gazeti, au siku hizi kwenye simu za watu, anaweza kutambuliwa na wale aliowakimbia.

Siku kifaa kilipopotea

Ilikuwa wiki ya sita. Tulifungua mfuko, kinasa sauti hakimo.

Walikuwepo watoto wanane na walezi wawili. Kabla hatujauliza lolote jina lilikwisha kutajwa, la mvulana wa miaka kama 12 ambaye wenzake walimwita wa Koti, kwa ajili ya koti la bluu ambalo hakulivua hata kwenye jua. Wiki iliyopita yeye ndiye aliyeondoka wa mwisho. Na wote walijua kwa nini mjomba wake alimfukuza. Mtoto mmoja akasema: huyo hahitaji hata kufungua mfuko, anatoa vitu kwa uchawi.

Hatukucheka, lakini hatukukataza pia. Mlezi wetu mmoja alimwambia mvulana atoe vilivyomo mifukoni. Akatoa kipande cha mkate, kijiko na misumari minne iliyopinda. Akasema, "Miye siyakamate." Akavikusanya vitu vyake, akaenda.

Kesho yake asubuhi mwenzetu wa tatu alifika na kinasa sauti ndani ya mkoba wake. Umeme ulikuwa haupo pale tunapokutania, naye alikipeleka kwake kukibadilishia betri na kukijaribu. Hakumwambia mtu.

Jioni hiyo tulikaa muda mrefu. Kati yetu wapo waliotaka tuwaambie watoto kwamba kimepatikana, yaishe. Ingekuwa rahisi. Lakini kwa kusema "kimepatikana" tu, kila mtoto angebaki na wazo lake juu ya nani alikirudisha, na namna gani. Kwa wiki sita tulikuwa tumewafundisha hatua za kuomba msamaha: aliyekosa mwenyewe, kwa aliyekosewa, mbele ya walioona, akitaja jambo lenyewe, bila kuweka "lakini". Tukaona hatuna njia ila kuzifuata.

Tulimtafuta siku nne. Tulimkuta katika soko la Kenya, komini ya mji wetu yenye jina hilo, akiwabebea watu mizigo. Alitusikiliza akiwa amesimama, tayari kukimbia. Akakubali kuja kwa masharti mawili. La kwanza, tusirekodi. La pili, yaya aliyemwambia atoe vitu mifukoni naye afungue mkoba wake mbele ya wote.

Tulifanya hivyo. Mwenzetu alisema, "Nilikushika kama mwizi na hukuiba. Waliposema uchawi nilinyamaza. Nimekosa." Kisha akatoa vya mkobani kimoja kimoja na kuvipanga juu ya mkeka: funguo, kitambaa, dawa za kichwa, noti chache za franki, picha ya mtoto wake. Watoto walitazama bila neno. Tulitazamia wangecheka. Wa Koti aliangalia ile picha, akasema, "Rudisha." Ndipo akaketi.

Haikuishia vizuri pande zote. Mtoto aliyetamka neno la uchawi hakurudi tena kwetu baada ya wiki ile. Tungemtafuta naye mapema, maana alisema kwa sauti jambo ambalo sisi wakubwa tuliliacha lipite. Wa Koti mwenyewe alikaa mwezi mzima akisikiliza wengine, hakushika kinasa.

Barua ya sauti

Alipokishika, alikuja na ombi. Wakubwa kati yenu wanakumbuka zamani watu walivyotumiana kaseti: unazungumza nusu saa, unampa msafiri, ndugu yako wa mbali anasikia kikohozi chako na jogoo wa uani. Wa Koti alimwona mmoja wetu akieleza habari hiyo, akauliza kama anaweza kusema na nyanya yake, mama wa mamaye, ambaye alikuwa akikaa katika nyumba ile ile ya mjomba.

Alirekodi, akasikiliza, akafuta. Mara tatu. Ya nne aliiacha, ilikuwa fupi sana. Hakutaja mahali anapolala. Hilo tulikuwa tumemshauri, na tunawashauri ninyi pia, kwa sababu hamjui nani atakuwepo wakati wa kusikiliza.

Mlezi alikwenda peke yake, mchana, mjomba akiwa kazini. Kwanza alimuuliza nyanya kama anataka kusikia. Angekataa, tungerudi na ujumbe wetu. Alikubali. Alisikiliza akiwa ameweka kifaa sikioni kama simu, akaomba tena, kisha akasema sauti imekuwa nzito. Jibu lake halikuwa na neno la kurudi nyumbani. Aliuliza kama mtoto bado anakohoa usiku, na anajifunika nini.

Wa Koti alilisikiliza lile swali la kikohozi mara nyingi kuliko tulivyoweza kuhesabu, na siku ile hatukufanya zoezi lingine.

Zilipita barua nne kwa muda wa miezi mitatu. Ya tatu nyanya aliisikiliza mbele ya mjomba, kwa hiari yake mwenyewe. Ndipo tulipozungumza na mjomba, na mwisho wa mazungumzo tukamtajia sheria ya 2009. Wengine wanapenda kuanza na sheria. Kwetu, mlango ulioanza kufunguka ungefungwa. Lakini pale ambapo mtoto bado yuko ndani ya nyumba na anapigwa au kunyimwa chakula, msingoje barua za sauti. Nendeni mara moja kwa wenye mamlaka ya kulinda watoto. Mpaka leo wa Koti haishi kwa mjomba. Anamtembelea nyanya siku ya Jumapili, anakula, anarudi. Usiku analala katika kituo cha watoto, na si kwenye tanuru.

Kabla hamjaanza

Si lazima mnunue kinasa sauti. Siku hizi simu ya bei ndogo inanasa sauti vya kutosha, na kama umeme unakatika kwenu kama unavyokatika kwetu, kifaa cha betri za kawaida bado kina faida. Simu iwe bila laini na bila intaneti wakati wa mazoezi. Si kwa sababu watoto hawajui intaneti, wanaijua. Ni kwa sababu sauti ikishatumwa kwa WhatsApp hakuna hakika tena kwamba itafutika kwa wote walioipata, na mtoto aliyeahidiwa kwamba itafutwa atakuwa amedanganywa. Futeni mbele yake, abonyeze yeye.

Watoto wasiwe zaidi ya kumi kwa kifaa kimoja, na walezi wasipungue wawili. Pawe na chakula, na kiliwe kabla ya zoezi. Kama mjini kwenu kuna wenye uzoefu wa kupokea watoto, kama Wasalesiani wa Bakanja hapa Lubumbashi, zungumzeni nao kwanza, maana zoezi la sauti halimpi mtoto pa kulala.

Na muwe na daftari. Kila anayekitoa kifaa mahali pake anaandika jina, siku na sababu. Asiyejua kuandika anachora alama yake. Tulidhani watoto wangechoka nalo. Wao ndio walioongeza kanuni kwamba walezi watangulie kuandika, na wasichana wawili ndio wanaolikagua kila wiki kabla mfuko haujafunguliwa. Mwezi uliopita walimrudisha mwenzetu mmoja nyumbani kwake kwa miguu kwa sababu hakuwa ameandika.

Kikundi kitakachojaribu mazoezi haya kituandikie kilichotokea, hasa pale yaliposhindikana. Barua zenu tutazichapisha bila majina ya watoto.